Ukitishiwa au kudhalilishwa mtandaoni: cha kufanya hatua kwa hatua, kwa wadada hasa mnaouza mtandaoni

Nawaandikia wadada wote lakini zaidi wale wanaouza vitu Instagram na stetasi ya WhatsApp, madera, mikoba, keki, viungo, nguo za watoto, wale ambao namba ya simu lazima iwe wazi kwasababu bila namba hakuna biashara. Mimi nauza madera, mdogo wangu wa kiume anauza raba, wote akaunti ziko wazi na namba ziko pale juu kabisa. Siku moja tumekaa sebuleni tukabadilishana simu kila mmoja asome inboksi ya mwenzie. Kwake ni "kaka 42 ipo?", "bei ya mwisho?", "Mbagala mnaleta?", basi. Kwangu hizo zipo pia, alafu katikati yake kuna "na wewe mwenyewe bei gani", kuna mtu katuma picha ya utupu wake bila hata salamu, kuna anayepiga simu ya video saa saba usiku, na mmoja nilimwambia mzigo umeisha akanitukania mama. Mdogo wangu alisoma akanyamaza, alafu akaniuliza hii ni ya leo au ya mwezi? Ilikuwa ya wiki hiyo hiyo.

Hiyo ndo tofauti yenyewe. Mwanaume akiongea upuuzi mtandaoni anatukanwa kwa alichokisema, mwanamke anatukanwa mwili wake, mama yake, ndoa yake, na hata kama hajaongea kitu. Na tayari tuko wachache huku, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, walikadiria mwaka 2024 kwamba Afrika wanaume wanaotumia intaneti ni asilimia 43, wanawake asilimia 31. Kila mdada anayefunga akaunti kwa kuogopa matusi anaongeza hiyo pengo, na anapoteza wateja ambao kaka yake bado anao.

Sasa twende kwenye cha kufanya. Nimepanga kwa mfuatano wa lile jambo baya zaidi, yani mtu anakutishia kusambaza picha au video zako, au ameshasambaza, kwasababu hapo ndo watu wanachanganyikiwa na kufanya mambo yanayowaumiza zaidi. Matusi ya komenti nitayagusa mbele.

Hatua ya kwanza: usimjibu, usifute, usimbloku bado

Najua mkono unakimbilia kufuta. Ukishaona ile meseji "nikikutumia huyu mumeo itakuaje", mwili wote unapata moto na unataka isiwepo kwenye simu yako hata sekunde moja. Subiri. Ukifuta umemsaidia yeye, kwasababu ile meseji ndo kitu pekee kinachomfunga.

Kuna kesi ya Githurai, Nairobi, ya mwaka 2014. Wanaume walimvua nguo mwanamke ndani ya basi na kumrekodi, video ikazunguka simu za watu kila kona, wenyewe wakiona ni sifa. Mwaka ule ule Novemba wanawake waliingia barabarani Nairobi kupinga udhalilishaji wa namna hiyo. Mwaka 2017 watu watatu walihukumiwa na mahakama ya Milimani, na ile video iliyosambazwa kumuaibisha yule mama ikaingia kwenye kesi dhidi yao. Kwa hiyo kitu alichokutumia kukutisha kinaweza kuja kumkaba yeye, ila kiwepo.

Usimjibu pia, hata kumtukana, hata kumuomba. Ukimuomba anajua ameshika pazuri. Ukimtukana anapiga skrinshoti tusi lako analikata anaonyesha hilo tu. Kama ulishajibu kabla hujasoma hapa hamna shida, acha meseji zako zilivyo, usianze kuzifuta zile za upande wako kwasababu mazungumzo yaliyotobolewa tobolewa yanatia mashaka polisi na mahakamani.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla hajafuta yeye

Hapa kaa chini utulie, hii inaweza kuchukua saa nzima.

Skrinshoti ya maneno peke yake haitoshi. Wengi wanapiga meseji inayosema "ntakuharibia" na juu yake pameandikwa jina walilomsevu, labda "Baby wa zamani" au "Mteja Tabata". Huyo ni nani? Hakimu hamjui mteja Tabata. Bonyeza lile jina juu, ukurasa wa maelezo yake ukifunguka namba kamili inaonekana, piga skrinshoti hiyo. Rudi kwenye meseji, panda mpaka pale tarehe inapoonekana katikati ya skrini, piga tena. Hakikisha kila picha inaingiliana na inayofuata, yani meseji ya mwisho ya skrinshoti hii iwe ya kwanza ya skrinshoti inayofuata, ili mtu asiseme umeruka maneno. Kama ni sauti usiishie kuisikiliza, isevu. Alafu WhatsApp ina sehemu ya kutoa mazungumzo yote kama faili, ingia kwenye ile chati, bonyeza vidoti vitatu, tafuta sehemu ya kuhamisha chati, ujitumie kwenye barua pepe yako.

Instagram, TikTok na Facebook jina la akaunti linabadilishwa dakika moja, leo anaitwa hivi kesho anaitwa vile na wewe umebaki na jina la mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo kopi linki ya profaili yake, na linki ya ile posti yenyewe, uzibandike mahali. Kama ni stori itapotea ndani ya saa 24, rekodi skrini ikiwa inacheza.

Chukua kaunta buku, lile la kawaida la dukani, chora mistari: tarehe, saa, namba au akaunti, alichofanya, nani mwingine ameona. Kila kikitokea kitu unaandika siku hiyo hiyo. Kwa nini daftari na simu ipo? Kwasababu simu inaibiwa, inavunjika, inaweza kushikiliwa na polisi kama kielelezo, na pia kwasababu baada ya wiki mbili za vitisho kichwa kinachanganya, unaulizwa hii ilikuwa kabla au baada ya ile unashindwa kujibu, alafu unaonekana muongo wakati umechoka tu. Simu yenyewe usiifomati na usiiuze mpaka mambo yaishe, ushahidi wa kwanza ni ile simu, karatasi zinaifuata.

Nakala za skrinshoti mtumie mtu mmoja unayemuamini azitunze. Isipokuwa kama kwenye picha kuna mtu chini ya miaka 18. Hapo usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia njema, hata ndugu, kwasababu kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa zito, iache kwenye simu ilipo uende nayo polisi.

Alafu kuna hili la kutaka kujua ni nani. Wengi wetu tunaijua ile njia, unaanza kutuma hela kwenye hiyo namba, jina linatokea kabla hujathibitisha, unaghairi. Sawa, fanya, piga skrinshoti. Lakini hilo jina ni la aliyesajili laini, na laini nyingi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine kabisa, bibi wa watu yuko kijijini hajui chochote. Kwa hiyo jina hilo liende kwenye daftari na kwa polisi, usilipeleke stetasi. Na usimlipe mtu anayekwambia ana rafiki yake kampuni ya simu atakutolea taarifa zote, hizo kampuni inazitoa kwa polisi kwa utaratibu, ukizipata kwa mlango wa nyuma unaweza kujikuta wewe ndo una kesi.

Ukiwa unashika simu piga na *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua nenda duka la mtandao husika uifute, maana kuna watu wanafunguliwa akaunti feki kwa laini iliyosajiliwa kwa vidole vyao wenyewe.

Hatua ya tatu: mwambie mtu kabla yeye hajamwambia

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo hatua watu wanairuka, na ndo inayomaliza nguvu ya huyu mtu kuliko zote.

Anachokushikia hasa ni ule woga wako kwamba mama ataona, baba watoto ataona, kanisani wataona, ofisini wataona, picha ni chombo tu cha kuubeba. Siku ukimwambia mama wewe mwenyewe, hana tena cha kuuza. Siongei kirahisi, kuna nyumba ambazo kusema kunaleta kipigo au talaka, na kama nyumba yako ni hiyo usianze na huyo wa nyumbani, anza na dada, shangazi, rafiki, mchungaji mwenye akili, mtu yeyote mmoja ambaye atabaki upande wako usiku huo. Lakini usikae nalo peke yako. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia sasa hivi acha kusoma, mpigie mtu aje akae na wewe, haya mengine yatasubiri mpaka kesho.

Namna ya kusema. Usianze na historia ya uhusiano wala ilikuaje ukapiga hiyo picha, utapotea na mwenzio ataanza kuuliza maswali ya huko. Sema fupi:

"Mama shikamoo. Nna jambo gumu nataka ulisikie kwangu. Kuna mtu ananitishia kwamba atatuma picha zangu za faragha kwa watu anidhalilishe. Naenda kumripoti. Akikutumia kitu chochote usifungue, usimjibu, usifute, niambie tu ni namba gani."

Kwa mume: "Baba Aisha, naomba tukae. Kuna mtu ananitishia, anataka hela, nimekataa. Nataka tuende wote polisi kesho asubuhi." Ukishampa kazi ya kufanya, kwamba kesho asubuhi tunaenda, mara nyingi hasira inapata pa kwenda.

Na nyie mnaoambiwa, mama zetu, kaka zetu, jamani. Swali la "ulipiga ya nini" lisitoke mdomoni. Hata kama unalo moyoni likae huko. Mtu kampa mwenzie picha kwa kumuamini, aliyevunja uaminifu ni yule aliyeisambaza, na siku hizi hata hiyo picha inaweza isiwe yake, wanachukua sura yako kutoka stetasi ya Eid wanaipachika kwenye mwili wa mtu mwingine kwa programu za akili mnemba na inatoka kama kweli. Kwa hiyo kina kaka, dada yenu akisema anasumbuliwa msimwambie "si umbloku tu", yeye atabloku akaunti moja zitakuja kumi. Muulize nikusaidie nini, kaa naye mpige hizo skrinshoti pamoja, na yeye asilazimike kusoma kila tusi kwa mara ya pili, soma wewe, yeye apumzike macho.

Hatua ya nne: hela usitume

Usitume hata elfu ishirini. Wanaolipa wanarudiwa, kwasababu ameshajua unayo na unaogopa. Kama umeshatuma usijilaumu, tunza ile meseji ya muamala yenye jina, namba na kumbukumbu namba, umepata ushahidi mzuri kuliko skrinshoti ishirini. Na akidai picha zaidi au mkutane mahali, usiende, hata na rafiki, hata mchana.

Hatua ya tano: funga milango ya simu

Mda huu ndo unaweza kumbloku, baada ya ushahidi kukaa sehemu mbili. Alafu:

WhatsApp, ingia mipangilio, angalia vifaa vilivyounganishwa. Hapo wengi wanapata mshtuko, wanakuta kompyuta wasiyoijua imeunganishwa toka mwaka jana, mpenzi wa zamani alishika simu sekunde kumi tu akaskani. Toa vyote. Weka uthibitishaji wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, na isiwe tarehe yako ya kuzaliwa. Picha ya profaili, mara ya mwisho kuonekana, na nani anaweza kukuweka kwenye grupu, zote weka kwa namba ulizosevu. Kuna pia sehemu ya kunyamazisha simu za namba usizozijua, washa usiku, asubuhi uzime uuze.

Badilisha neno la siri la barua pepe kwanza kabla ya Instagram, kwasababu anayeshika barua pepe yako atarudisha kila kitu kingine. Angalia kama picha zako zinajihifadhi kwenye akaunti ya Google ambayo mtu mwingine anaijua. Simu ukiipeleka kwa fundi toa akaunti zako, na kama inawaka hamisha picha ufute kwanza, kama haiwaki kaa pale pale dukani mpaka amalize.

Kwa wauzaji: laini ya biashara iwe tofauti na laini ya nyumbani. Picha za bidhaa zisionyeshe geti, namba ya gari, wala sare ya shule ya mtoto. Mteja anayetaka kuja kuchukua mzigo mkutane dukani kwa mtu au mtume boda, lokesheni ya nyumbani usitoe.

Hatua ya sita: ripoti kwenye mtandao wenyewe

Ripoti posti yenyewe, picha yenyewe, ukiripoti profaili tu watu wa huko hawajui waangalie nini. Na chagua sababu sahihi. Kama ni picha yako ya faragha usichague "sipendi" au "inakera", tafuta ile ya picha za utupu au za faragha zilizowekwa bila idhini. Kama ni akaunti feki ya jina lako chagua anajifanya mimi, Instagram wanaweza kukuomba picha ya kitambulisho, tuma. Watu wanapenda kuitana kwenye grupu "twendeni tukairipoti wote", lakini Facebook wenyewe wanasema idadi ya ripoti haibadilishi uamuzi, moja yenye sababu sahihi inatosha, alafu zile mia zinapeleka watu mia kwenda kuiangalia hiyo picha. Mimi hiyo tabia siipendi kabisa.

Kuna huduma inaitwa StopNCII, iko stopncii.org, ya bure, ilianza Desemba 2021, inaendeshwa na watu wa Uingereza wanaosaidia waathirika wa picha za faragha. Inafanya kazi hivi: unachagua picha kwenye simu yako, simu yenyewe inaitengenezea alama, msururu wa herufi na namba, kinachotumwa ni hiyo alama tu, picha haitoki kwenye simu. Facebook, Instagram, TikTok na wengine walioko kwenye mpango wanapokea alama, mtu akijaribu kupandisha picha hiyo hiyo wanaigundua na kuizuia. Uwe na miaka 18 au zaidi, na uwe na hiyo picha. Kama mhusika alikuwa chini ya miaka 18 ilipopigwa, kuna nyingine kama hiyo inaitwa Take It Down, ya Marekani lakini inapokea watu wa nchi yoyote. Usitegemee mojawapo izuie magrupu ya WhatsApp wala Telegram, huko haifiki. Na ukiona picha inatokea ukitafuta jina lako Google, Google nao wana fomu ya kuomba iondolewe kwenye majibu.

Hatua ya saba: polisi na sheria

Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, bara na Zanzibar. Kifungu cha 23 kinamhusu anayemtumia mwenzie ujumbe kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Kikariri hicho kifungu, kuna askari atakwambia haya ni mambo ya mapenzi mkayamalize nyumbani, na wewe umjibu kwa adabu kwamba naomba kufungua jalada la kosa la mtandao. Kenya ni sheria ya 2018, kifungu cha 27 kwa usumbufu wa mtandaoni, mpaka shilingi za Kenya milioni 20 au miaka 10, na kinakuruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumzuia huyo mtu, alafu kifungu cha 37 ni cha kusambaza picha za faragha.

Nenda kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto, omba kuongea na askari wa kike kama ndo utakuwa huru. Beba simu, chaji, kitambulisho, daftari, na skrinshoti zilizochapishwa. Kuchapisha usiende steshenari yoyote tu ukaacha mafaili yako kwenye kompyuta ya watu, nenda na mtu mwenye printa au simama pale mpaka yafutwe. Nenda na mwenzio. Ukifika anza na tishio: "natishiwa, nadaiwa hela, namba ni hii". Usianze na picha.

Nasema hivyo kwasababu sheria za ponografia zimewahi kuwageukia wenye picha. Uganda mwaka 2014 msanii mmoja wa kike picha zake zilivujishwa, na aliyetakiwa kukamatwa na waziri wa maadili alikuwa ni yeye, sio aliyevujisha. Vifungu vile vya sheria ya ponografia vilikuja kufutwa na Mahakama ya Katiba ya Uganda Agosti 2021, miaka saba baadae. Kwa hiyo maneno ya kwanza yanayoandikwa kwenye maelezo yako yana uzito, yasome kabla hujasaini, na ukiona wewe mlalamikaji umeanza kuhojiwa kama mtuhumiwa omba kusimama upate mwanasheria. Bara wapo TAWLA na LHRC wanaotoa msaada wa kisheria, Zanzibar wapo ZAFELA, Kenya FIDA. Kenya pia kuna 1195 bure kwa ukatili wa kijinsia. Kwa mtoto piga 116, Tanzania na Kenya.

Usitoke kituoni bila RB, yani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Namba ya RB na jina la mpelelezi andika ukurasa wa kwanza wa ile kaunta buku, na ufuatilie, majalada yanalala yasipofuatiliwa.

Matusi ya komenti

Hili ni fupi. Instagram na TikTok zina sehemu ya kuficha komenti zenye maneno unayoyachagua wewe. Vichujio vyao vya kawaida Kiswahili havikiwezi, tusi la Kiingereza linazuiwa alafu la Kiswahili linapita limevaa suti. Kwa hiyo andika orodha yako mwenyewe, na uandike kila namna watu wanavyolikata: lenye nyota katikati, lenye namba 3 badala ya herufi e, lililorefushwa herufi ya mwisho, la Kisukuma na Kichaga kama unatukanwa kwa hizo. Orodha hiyo ukiimaliza watumie wenzio kwenye grupu la wauzaji waibandike, kila mtu asianze upya. Wakija kwa mkupuo, yani umeposti maoni yako ya siasa au mpira na ghafla komenti mia tano, punguza wanaoweza kukomenti wabaki wanaokufuata tu, mpe mtu simu akusafishie, na urudi kesho kutwa. Posti usiifute kama ulichosema unakiamini.

Ikikufikia picha ya mwenzio

Hii inatuhusu wote, hasa magrupu ya familia, ya vikoba, ya waliosoma pamoja. Usiifungue. Usiiforwadi hata kwa "jamani mmeona hii?", anayesambaza ni msambazaji na kifungu cha 14 cha ile sheria ya Tanzania, kile cha ponografia, hakijaandikwa kwa ajili ya aliyeanzisha peke yake. Piga skrinshoti ya jina la grupu na namba iliyotuma, bila picha yenyewe. Mwambie admini aitoe sasa hivi na amtoe aliyetuma, na kama wewe ndo admini usifungue mjadala wa maadili pale, toa, andika "hapa hatutumi hivi", endeleeni na michango. Alafu mtafute mhusika pembeni: "Dada, kuna kitu chako kimetumwa grupu fulani saa nne, aliyetuma ni namba hii, nimemwambia admini ametoa, skrinshoti ya namba ninayo. Sijaifungua. Unataka nije?"